Sprei ya kumpa mgeni rangi ya jua bila jua, sie tunaopulizia tuko salama?

mwana_wa_bamburi
Hamjambo nyote. Mie nafanya kazi saluni moja pande za Bamburi, wateja wengi ni wageni wa hoteli, na msimu huu bosi kaleta mashine ya kupulizia rangi, yaani mzungu aingia mweupe pepepe kesho yake ashakuwa kahawia na juani hakukanyaga. Wanaokuja kufungia ndoa ufuoni ndio waipenda zaidi, juu ya picha. Sasa chumba chenyewe kidogo, hakina dirisha, ni esi tu, na ule ukungu ukishapulizwa wabaki unaelea mpaka nausikia kooni. Na mie nina pumu. Bosi asema ni sukari tu haina neno. Kweli ama nachezewa?

Chakubimbi
dadangu huo ni mkorogo wa kizungu tu, sisi twajichubua tuwe weupe wao wajipaka wawe weusi, hakuna aliyeridhika na alichopewa 😂 toka mapema

dawa_na_duka
Chakubimbi usimtishe mwenzio. Mkorogo ni mambo mengine kabisa, ule mara nyingi una haidrokwinoni au zebaki, wazuia ngozi kutengeneza rangi yake na hiyo zebaki hufika mpaka kwenye figo. Hii sprei kitu chake kikubwa ni DHA, dihaidroksiasetoni. Bosi hajaongopa sana, ni jamii ya sukari kweli, ikikutana na protini za ile ngozi iliyokufa ya juu hugeuka kahawia, kemia ni ile ile inayotia ganda la mkate rangi kwenye oveni. Huanza kuonekana baada ya masaa mawili hadi manne, na siku tano mpaka saba ishaondoka pamoja na ngozi yenyewe. Ilijulikana kwa bahati tu miaka ya 1950 huko Cincinnati, Marekani, mtafiti Eva Wittgenstein alikuwa akiwanywesha watoto wagonjwa hiyo DHA kama dawa, ikiwamwagikia yaacha madoa ya kahawia mwilini. Kwa hivyo kupaka kwa mkono, watu wengi haiwadhuru. Ulaya mwisho wao ni DHA asilimia 10, hebu soma chupa yenu.

LAKINI FDA, wale wasimamizi wa chakula na dawa wa Marekani, wameiruhusu kwa kupaka nje ya mwili tu. Kuivuta kwa pumzi, kuingia machoni, mdomoni, puani, hapo hawajaruhusu kwa sababu usalama wake haujathibitishwa. Mgeni apuliziwa mara moja aenda zake kwao, wewe uko mle kutwa. Tena chupa hizo huwa na manukato, na manukato peke yake yaweza kuamsha pumu.

mwana_wa_bamburi
eh ndio maana kifua hunibana jioni. Sasa kazi naitaka, barakoa ya kitambaa ile ya wakati wa korona yatosha?

Mama wa Hina Kibokoni
Haitoshi mwanangu. Na usikubali neno "haina neno" mpaka usome kilichoandikwa. Sie wapambaji twajua, hina safi ya majani haina shida, nayo hupaka ngozi ya juu tu, lakini ile piko nyeusi ya watu wenye haraka wachanganya na rangi ya nywele yenye PPD, kemikali ya kutia weusi, bibi harusi ashika siku ya harusi na malengelenge mkono mzima, na mwili ukishaikataa mara moja basi hata kupaka nywele rangi uzeeni itamsumbua. Na hiyo yenu mjaribie mteja kidogo nyuma ya sikio siku moja kabla. Akiwashwa mwambie pole, pesa yake abaki nayo.

dawa_na_duka
Asante mama. Barakoa iwe N95, ile ya kuchuja chembe ndogo, miwani ya kuziba, glovu. Esi haikusaidii kitu, yazungusha hewa ile ile, mwahitaji feni ya kutoa hewa nje. Mteja naye azibe pua, afumbe macho, apakwe mafuta midomoni, na azuie pumzi ukifika usoni. Ila mie kwa pumu yako ningeiacha mashine kabisa, kuna losheni na povu la DHA hiyo hiyo, wapaka kwa glovu, hakuna ukungu wa kuvuta. Na hicho kifua kionyeshe daktari usingoje.

nahodha_shanzu
Waambieni pia hiyo rangi haikingi jua jamani!! Mie napeleka wageni kwa boti, wakishapakwa hawataki sanskrini ati washapata tan, na huku kwetu kipimo cha miale ya jua (UV) saa sita mchana mara nyingi chapita 10, yaani jua kali mno. Jioni mgongo mwekundu na kahawia yake juu, halafu lawama kwa nahodha

dawa_na_duka
Kweli kabisa, kinga yake ni ndogo mno, sanskrini lazima. Siku ya kwanza baada ya kupakwa ndio bora akae kivulini.

mwana_wa_bamburi
Kuna mgeni mwingine aliniuliza kama twauza vidonge au sindano ya hiyo hiyo rangi?

dawa_na_duka
Wewe!! Vidonge vya kanthaksanthini, rangi ya kutia kwenye chakula, huacha chembechembe ndani ya jicho, na sindano za melanotan II, homoni ya kutengenezwa ya kuipa ngozi rangi, huuzwa kwa magendo mitandaoni, hazina kibali, zimehusishwa na madoa ya ngozi kubadilika. Msiguse.

mwana_wa_bamburi
Sawa nimeelewa. Nimeongea na bosi, povu amekubali, feni asema mwisho wa mwezi. Mashine nimemwambia apulizie mwenyewe