Tuliopoteza ndugu majini: wakubwa waliwajibu nini? Tupeane uzoefu

Mwana Kemondo (mwanzisha uzi)
Wakuu, kila Mei 21 napita makaburi ya Igoma, Mwanza, walikozikwa watu wa MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria. Mwaka 1996 nilikuwa na miaka tisa. Shangazi alipandia Bukoba na mkungu wa ndizi za mama, daraja la tatu. Mwili hatukuupata, kwa hiyo nikifika pale nasimama popote tu.

Daraja la kwanza na la pili orodha ilikuwepo, watu 443, na hapo meli yenyewe uwezo wake abiria 430. La tatu hakuna aliyeandikwa. Baba alipofuatilia, ofisi moja ikamwambia alete tiketi ya marehemu. Tiketi! Si alikuwa nayo mwenyewe kwenye pindo la khanga? Nyie wenzangu mliambiwa nini?

Bint Konde
Pole sana. Mie kwetu Pemba. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi, Idi haijapoa. Mdogo wangu kanusurika kwa godoro, kalikumbatia mpaka kumekucha. Mkewe hakuonekana. Meli ya watu 600 na kitu, tume ikaja kusema walipanda zaidi ya 2,000. Kwetu sheha, kiongozi wa mtaa, alipita nyumba kwa nyumba na daftari la skuli: "Hapa nani hajarudi?" Yaani orodha ya abiria inaandikwa watu wameshazama.

Julai 2012 ikazama meli nyingine, Skagit, na waziri mmoja akajiuzulu. Hilo nalisema kwa haki yake, maana si jambo tulilolizoea.

Fundi Boti
Nitawaudhi, samahani. Na sisi abiria tunachangia. Tunaona chombo kimejaa na bado tunasukumana.

Mwana Kemondo
Mkuu, lango la meli hufungwa na abiria?

Mkara Halisi
Fundi, njoo Bugolora, Ukerewe, siku ya gulio ndiyo uongee. Kivuko kimoja, kikikuacha umelala huko. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imeshafika kisiwani Ukara, gati la Bwisya unaliona. Uwezo wake watu 101. Waliokufa 228. Mimi nilikuwa ufukweni namsubiri kaka, alikuwa anakuja na gunia la mahindi, na nilikuwa nimeshaazima toroli ya kulibebea. Lile toroli nilirudisha siku ya nne, mwenyewe hakuniuliza kitu.

Tulipotaka kujua walipanda wangapi, jibu likawa hili: mkata tiketi amekufa, mashine yake imezama. Miaka 22 baada ya Bukoba, hesabu ya watu bado imo humo humo ndani ya chombo!

Bint Konde
Subhanallah. Na huyo anayeruhusu chombo kiondoke bila nakala kubaki bandarini, keshaulizwa na nani?

Fundi Boti
Hapo nimewaelewa, nafuta kauli. Nakala ibaki nchi kavu kamba haijafunguliwa. Mimi siku hizi nikikata tiketi tu naipiga picha namtumia mke wangu. Hajibu kitu, anaitunza.