Naomba ushauri: lenzi ya picha za kima kwenye kivuli

Hamjambo ndugu zangu. Naomba mnisaidie mawazo.

Nina kamera ya Canon 700D ya mtumba na lenzi yake ya 18-55mm. Kila Jumapili asubuhi huenda bustani ya City Park, Nairobi, kupiga picha za kima, na kwa kweli nimeipenda shughuli hii. Juani picha zinatoka safi. Shida ni chini ya ile miti mikubwa. Juzi mama kima alikaa kwenye tawi hatua tano hivi kutoka niliposimama, mtoto amejibana kifuani. Nikavuta hadi 55mm, tundu la lenzi la kuingiza mwanga likaishia f/5.6, shata (kasi ya kufunguka na kufunga) ikashuka hadi 1/30 ya sekunde. Gome la mti limetoka kali, nyufa zote unaziona, lakini uso wa mtoto ni ukungu mtupu. Iliniuma sana.

Nilikuwa ISO 800 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga). Nikapandisha hadi 3200, nikapata 1/125, ila manyoya yakajaa chengachenga.

Bajeti yangu inatosha lenzi moja tu, tena ya mtumba. Nichukue 50mm f/1.8 inayoingiza mwanga mwingi, au 55-250mm nivute karibu ingawa haitanisaidia gizani? Na kwa mnyama asiyetulia, nyinyi mnaanzia shata ngapi kivulini?