Je, jaribio la vitendo litatusaidia kumpata mhasibu msaidizi anayefaa?

Karani_Mkuu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Taasisi yetu inatafuta mhasibu msaidizi, ambaye kazi yake kubwa itakuwa kuandika miamala kwenye daftari la fedha na kufanya usuluhishi wa kibenki, yaani kulinganisha daftari hilo na taarifa ya benki na kueleza tofauti zilizopo, kila mwisho wa mwezi. Mpaka sasa tumekuwa tukisoma barua za maombi na vyeti, kisha tunawaita waombaji wachache kwenye usaili wa mdomo. Utaratibu huo unawapa nafasi kubwa wanaojua kujieleza, ilhali kujieleza siyo kazi tunayomwajiria mtu huyu. Ndiyo maana napendekeza tuongeze jaribio la vitendo.

Wenzangu wawili wanapinga. Mmoja anasema cheti ni ushahidi tosha kwamba mtu alishapimwa na wenye mamlaka ya kumpima, na mwingine anahofia kwamba waombaji wazuri, ambao tayari wana ajira, hawatakubali kukalishwa mtihani. Naomba mwenye uzoefu anieleze jaribio kama hili lipime nini, lifanyike katika hatua gani, na matokeo yake yapewe uzito kiasi gani.

Msaili alijibu:

Ndugu Karani_Mkuu, cheti kinathibitisha kwamba mtu alifaulu mtaala fulani wakati fulani. Hakisemi kama leo ataweza kukaa mbele ya daftari lako akaona kilichokosekana. Vyeti viendelee kuhakikiwa, ila visibebeshwe mzigo usio wao.

Kuhusu uzito, jambo hili limetafitiwa kwa muda mrefu. Mwaka 1998, Frank Schmidt na John Hunter walichapisha majumuisho ya tafiti za miaka 85, na humo jaribio la kufanya sehemu ya kazi yenyewe liliongoza kwa uwiano wa 0.54 na utendaji wa baadaye kazini, ambapo 0 maana yake hakuna uhusiano wowote na 1 ni uhusiano kamili. Mwaka 2022, Paul Sackett na wenzake walipitia upya hesabu za aina hii wakaonyesha kwamba marekebisho ya kitakwimu yaliyozoeleka yalikuwa yamezikuza. Kwa makadirio yao, jaribio la kazi lina 0.33, mtihani wa maarifa ya kazi 0.40, na usaili uliopangwa, yaani ule ambao kila msailiwa anaulizwa maswali yale yale na kupewa alama kwa vigezo vile vile, 0.42. Usaili wa mazungumzo huru ulipata 0.19, na idadi ya miaka ya uzoefu 0.07 tu.

Kwa hiyo jaribio ni zuri, lakini halitoshi peke yake, na kama usaili wenu bado ni wa mazungumzo huru, nao unahitaji kurekebishwa sambamba na kuanzisha jaribio. Jaribio na usaili uliopangwa ningevipa uzito unaokaribiana, na ningeuandika uzito huo kabla ya kumwona mwombaji yeyote, kwa sababu ukipangwa baadaye utapangwa kumfuata mtu ambaye tayari mmempenda.

Daftari_Safi alijibu:

Mimi ni mhasibu, na majaribio ya namna hii nimekuwa nikiyatunga na kuyasahihisha, hivyo nitajikita kwenye utungaji.

Chukua kazi halisi ya mwisho wa mwezi, uipunguze. Mpe mwombaji ukurasa mmoja wa daftari la fedha na taarifa ya benki ya kipindi hicho hicho, zote za kubuni, zenye mistari 30 hivi. Ndani yake weka hundi mbili ambazo hazijawasilishwa benki, makato ya benki ambayo hayajaingizwa kwenye daftari, malipo ya mteja yaliyoingia moja kwa moja kwenye akaunti, na kosa moja la uandishi: malipo ya 5,400 yaliyoandikwa 4,500. Mtu akishaondoa hundi, makato na yale malipo ya mteja, atabaki na tofauti ya 900. Aliyezoea kazi ataona kwamba 900 inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, jambo ambalo mara nyingi ni dalili ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, na atarudi kuzitafuta. Asiyezoea ataanza kujumlisha upya tangu mwanzo.

Mwongozo wa kusahihishia uandikwe kabla ya jaribio, na hapa ndipo ninapowasihi muwe makini. Msitoe alama kwa jibu la mwisho pekee. Mwombaji asiyeigundua ile 900 lakini akaiacha wazi na kuandika kwamba tofauti hii haijapatiwa maelezo, kwangu anastahili alama nyingi kuliko yule aliyeingiza mstari wa "marekebisho" ili salio zilingane. Wa kwanza anaweza kufundishwa. Wa pili atakuletea vitabu vinavyolingana na fedha zisizoonekana, na hakuna usaili wa mdomo utakaokuonyesha tabia hiyo mapema.

Karatasi ziwe na namba badala ya majina, na zisahihishwe na watu wawili, kila mmoja peke yake. Kabla ya yote, mpeni jaribio mfanyakazi wenu anayeifanya kazi hiyo vizuri. Akishindwa kulimaliza kwa dakika 45, jaribio ndilo lenye kasoro.

Mtafuta_Kazi alijibu:

Naomba kusemea upande wa tunaopimwa. Hofu ya mwenzako wa pili ina msingi, ila kinachotufukuza siyo jaribio, ni jaribio la saa nyingi linalotumwa kwa kila aliyeomba kabla hata barua yake haijasomwa. Liwekeni baada ya mchujo wa kwanza, kwa watu wachache, na mtueleze mapema muda wake, kinachopimwa na vifaa vinavyoruhusiwa. Mwenye uoni hafifu au ulemavu mwingine aulizwe anahitaji nini kabla ya siku yenyewe. Na msitupe vitabu vyenu halisi tuvirekebishe kwa jina la mtihani. Hiyo ni kazi, na kazi hulipwa.

Karani_Mkuu aliandika:

Nawashukuru sana, hasa kwa suala la mstari wa "marekebisho", ambalo sikulifikiria. Limebaki swali moja: waombaji wanaoishi mbali wameomba wafanyie jaribio nyumbani, na siku hizi programu za akili unde zinaweza kufanya usuluhishi mzima. Tuwakatalie?

Daftari_Safi alijibu:

Msiwakatalie. Wafanye nyumbani, kisha kwenye usaili mtengee kila mmoja dakika 10 za kupitia karatasi yake, hata kwa simu ya video. Mwulizeni alianzia wapi, kwa nini hundi ile aliiweka upande ule, kisha mbadilishieni tarakimu moja papo hapo mumwombe aonyeshe salio litaathirika vipi. Aliyeifanya kazi mwenyewe atawajibu huku akionyesha mstari kwa kidole. Waliofanyia ofisini nao waulizwe vivyo hivyo, ili wote wapimwe kwa kipimo kimoja.