Naomba ushauri: nataka kujenga ukuta Fuoni, lakini pana njia kiwanjani

Mkaazi wa Fuoni
Assalaam alaykum. Kiwanja alichotuachia marehemu baba hapa Fuoni, Wilaya ya Magharibi B, Zanzibar, kimezungushiwa ua wa makuti ambao sasa umechakaa, nami nataka kutia ukuta wa matofali kabla ya masika. Upande wa mashariki pana kinjia ambacho majirani wa nyuma hukipita kwenda msikitini, na hapo hapo umesimama mnazi ambao baba alimpa shangazi yangu. Fundi anasema ukuta si nyumba, kwa hiyo nichimbe msingi tu. Roho yangu inasita. Nianzie wapi?

Mpima Mstaafu
Wa alaykumu ssalaam. Ndugu yangu, ukuta wenye msingi ni ujenzi wa kudumu. Usiuanze kabla ya kumwona sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani kwenu, na kuuliza habari ya kibali katika Baraza la Manispaa la Magharibi B. Kumbuka kuwa, kwa Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma iliyowekwa chini ya Rais, na alichonacho mwananchi ni haki ya kuitumia. Kwa hiyo lako la mwanzo ni mipaka: ikiwa vigingi havionekani, omba Kamisheni ya Ardhi ikupimie, na siku ya kupima majirani wawepo, washuhudie kwa macho yao. Ua wa makuti huhamishwa kwa asubuhi moja, lakini ukuta uliopita mpaka kwa hatua moja huweza kukufikisha Mahkama ya Ardhi, ukabaki huko miaka.

Bint Wete
Mnazi usiuguse bila ya ridhaa ya shangazi. Kwetu visiwani, tangu wazee, mti huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine. Ukiufungia ndani, umemzuia kuchuma nazi zake.

Mzee wa Tomondo
Nami nakuomba utazame maji, kwani hili lilinifika mimi mwenyewe. Niliziba kinjia kama hicho chako wakati wa kiangazi, nisijue kuwa ndicho kilichokuwa kikitoa maji ya mvua mtaani, na masika yalipoingia nyumba ya jirani yangu, mama mjane, ilijaa maji usiku mmoja. Niliubomoa upande mzima wa ukuta kwa gharama yangu, na aibu ile ninayo hadi leo. Rudisha ukuta wako ndani, njia uiache wazi kwa upana unaotosha kupitisha jeneza na wanaolibeba, na uache mfereji pembeni yake.

Mkaazi wa Fuoni
Ahsanteni sana. Habari ya jeneza imenigusa, kwa sababu baba mwenyewe tulimpitisha hapo. Fundi nimemsimamisha; kesho baada ya alasiri nitakwenda kwa shangazi kwanza, kisha kwa sheha.