Upepo wa alasiri vilimani: nateremkaje bila kuyumbishwa?

Mwanzisha uzi
Wakuu, naomba ushauri. Nina baiskeli ya kawaida ya gia, na kila wiki nazunguka vilima vya mashambani, kilomita 34 hivi. Nafasi yangu ni alasiri tu, natoka saa tisa, na saa hizo upepo ni mkali. Kupanda nachoka, ila sina shida nako. Kinachonitisha ni kushuka. Juzi nilikuwa kwenye mteremko mrefu wenye miti upande wa kushoto. Miti ilipoisha tu, upepo ukanipiga ubavuni, baiskeli ikahama karibu mita nzima kuelekea katikati ya barabara, na nyuma yangu lilikuwa linakuja lori. Nikakaza usukani kwa nguvu zote, gurudumu la mbele likaanza kutetemeka. Nilifika chini salama, lakini sasa nikikaribia pale moyo unanienda mbio. Naupenda sana mzunguko huu, sitaki kuuacha. Nifanyeje?

Gia Nyepesi
Pole sana. Nadhani shida kubwa ni huko kukaza mikono. Ukikaza, kila mtikisiko wa mwili unapita mikononi na kuingia kwenye usukani. Kunja viwiko, shika bila kubana, inamisha kifua, na uzito wako uwe kwenye pedali badala ya kiti. Tetemeko likianza, bana bomba la juu la fremu kwa magoti, halafu punguza mwendo polepole. Linatulia. Mimi lilinitokea mara mbili, na mara zote mbili magoti ndiyo yaliyoniokoa.

Pia kagua spoki zilizolegea na beringi za usukani. Zikiwa zinacheza, hata upepo mdogo unatosha.

Mnyororo Mkavu
Naongezea kuhusu miti. Pale kinga inapoishia unapajua, basi funga breki kabla ya kufika, usisubiri upepo ukukute. Ni hivyo hivyo kwenye ukingo wa mlima uliochongwa au ukuta mrefu. Lori likikupita upande ule upepo unakotoka ni gumu zaidi: linakukinga kwa muda mfupi, nawe ulikuwa umeuegemea upepo, kwa hiyo baiskeli inavutika kuelekea kwenye lori lenyewe. Likipita, upepo unarudi wote kwa mkupuo. Ndiyo maana usijibanze ukingoni kabisa mwa lami. Jiachie nafasi ya kuyumba pande zote mbili.

Mwanzisha uzi
Asanteni. Breki ya mbele naiogopa, natumia ya nyuma tu. Ni kosa?

Mnyororo Mkavu
Ndiyo, na kwenye mteremko ni kosa kubwa. Uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi na kuteleza. Tumia zote mbili, sukuma makalio nyuma kidogo, na umalize kupunguza mwendo ukiwa bado umenyooka, kabla ya kona. Kama breki zako zinabana ringi, usizishike mfululizo mteremko mzima, ringi hupata moto. Bana, achia, bana tena.

Kilima cha Pili
Mimi ningebadili saa na njia. Mchana jua linapasha ardhi moto, hewa inapanda, na upepo wenye kasi wa juu unashuka kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana alasiri huwa na mivumo ya ghafla, na jua likielekea kuzama hutulia. Ukitoka saa kumi na nusu utaona tofauti, mradi uwe na taa.

Halafu anza na upepo wa mbisho kabla hujachoka. Ukienda kilomita 20 kwa saa na upepo unakuja mbele kwa kasi hiyohiyo, hewa inakukabili kwa 40, na kani ya kukuzuia inakuwa mara nne ya siku tulivu. Usipambane na namba ya kasi. Weka gia nyepesi, zungusha miguu, kubali kwenda taratibu. Na unywe maji hata kama huoni jasho, upepo unalikausha usijue.

Gia Nyepesi
Naafiki, ila muda usimfanye alegee. Vilima vina mapengo ambamo upepo hubanwa na kuongezeka kasi hata siku ikiwa tulivu.

Mwanzisha uzi
Nimekaa na ramani. Nikizunguka kinyume, ule mteremko unakuwa wa kupanda, na nitakaoshuka umekingwa na kilima chenyewe. Mwanzo utakuwa wa mbisho, kama mlivyosema. Jumamosi natoka saa kumi na nusu. Spoki mbili nimezikuta zimelegea, zote za gurudumu la mbele. Kesho napeleka kwa fundi.

Mnyororo Mkavu
Mwambie anyooshe na ringi. Na ukifika pale miti inapoishia, hata kama unapanda, simama kidogo uusikilize upepo unatoka wapi.