Tupeane uzoefu: chuo cha sanaa kina faida gani kwa mchoraji wa kidijiti?

Ndugu wanajamvi, habari za leo. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne hapa Bagamoyo, anachora kwa simu kila siku, na anataka uchoraji huo uwe kazi yake. Mzee anaona fedha ya ada ikanunue kompyuta mpakato na kalamu ya kidijiti, ilhali mama anataka kijana aende TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), chuo kilichoanza mwaka 1981 kwa jina la Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Naomba waliopita vyuoni, na wale waliojifunza wenyewe, waeleze yaliyowakuta wao, si waliyoyasikia.

*Mchangiaji wa Magomeni*

Ndugu mleta mada, mimi nilisoma sanaa za ufundi, ingawa si katika chuo ulichokitaja. Programu za kompyuta nilijifunza mwenyewe usiku, kwa bando. Chuo kilinipa jicho. Mwalimu alitukalisha Mji Mkongwe mbele ya mlango wa nakshi, tuuchore kwa penseli bila kufuta, kisha akamuuliza kila mmoja jua liko upande gani na kwa nini kivuli cha kizingiti kimelala pale kilipolala. Hadi leo, nikichora mhusika katika Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, tabaka la kwanza huwa la kijivu kitupu, la mwanga na kivuli, na rangi haiguswi mpaka umbo lisimame. Jambo jingine ni kukosolewa ana kwa ana. Mtandaoni watu hupenda picha na kupita. Darasani kazi hubandikwa ukutani, na mwenzako akakuambia mbele ya wote kwamba kiwiko cha mtu wako kimekunjika pasipo na kiungo. Inauma, lakini sijaona video inayofanya kazi hiyo.

*Mchangiaji wa Dunda*

Mimi sikwenda chuo; nimejifunzia kwenye duka la kuchapa mabango na fulana, na namuunga mkono mzee. Krita, na Blender ya kuunda picha za pande tatu, hupatikana bure, tofauti na Photoshop, programu ya picha inayolipiwa kila kipindi, kwa hiyo kijana akipata mashine nzuri anaanza mara moja. Dukani ndipo nilipoelewa kwamba skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mashine ya kuchapa huchanganya wino, na ndiyo maana buluu inayong'aa kwenye kioo hutoka imefifia kwenye kitambaa. Mteja akisimama mbele yako na fulana mkononi, somo hilo halisahauliki.

*Dada wa Kaole*

Wote mmesema kweli, ila hamjagusa mikataba. Nilichora picha za kitabu cha watoto, na baadaye mteja akataka kuzitumia kwenye madaftari. Kwa kuwa chuoni tulisomeshwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nilikuwa nimeandika kwamba malipo ni ya kitabu peke yake, akalipa tena. Ndugu yangu, kabla ya kulipa ada popote, nendeni na kijana mkaombe mtaala, mkaangalie saa ngapi ni za kuchora kwa mkono, kama kuna kompyuta ambazo wanafunzi wanaruhusiwa kuzitumia baada ya vipindi, na kama mwalimu mwenyewe bado anachora. Huyo wa mwisho ombeni awaonyeshe kazi zake.