Kofia za mwanga mwekundu zinauzwa kwa watu ambao hazikukusudiwa

Ndugu zangu, nimechoshwa na kliniki za urembo za hapa Dar es Salaam zinazomuuzia kofia ya mwanga mwekundu, ile yenye taa ndani za kumulika ngozi ya kichwa ili nywele ziote, kila anayenyonyoka nywele, na leo nalisema waziwazi kwa sababu dada yangu ameuziwa moja kwa bei inayozidi mshahara wake wa mwezi, bila mtu yeyote kumchunguza ngozi ya kichwa.

Tiba yenyewe si uzushi, na hilo ndilo linalowapa wauzaji pa kujificha. Mwaka 1967 daktari wa Hungaria, Endre Mester, aliwamulika kwa mwanga wa leza panya walionyolewa migongo ili aone kama watapata saratani. Hawakupata, ila nywele zilirudi upesi pale palipomulikwa. Kitana cha leza cha chapa ya HairMax, kinachomulika kichwa kwa mwanga wa namna hiyo, kiliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 2007 kwa wanaume na 2011 kwa wanawake. Basi kila muuzaji anaimba "imeidhinishwa Marekani", kana kwamba ruhusa ya kitana kile inaihusu kila kofia inayoshushwa bandarini kwetu.

Ruhusa ile ina masharti ambayo hawayataji. Ilitolewa kwa upara wa kurithi, tena kwa watu wa ngozi za daraja la kwanza hadi la nne katika kipimo cha rangi ya ngozi cha Fitzpatrick, chenye madaraja sita. Daraja la tano na la sita, yaani ngozi nyeusi kama zetu, hayamo. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hufyonza mwanga, kwa hiyo rangi ya ngozi si jambo la kupuuzwa katika tiba hii, na anayeifanyia biashara Dar es Salaam alipaswa kuanza na maelezo hayo.

Dada yangu hana upara wa kurithi. Nywele zake zimetoweka kwenye paji na juu ya masikio kwa sababu ya miaka mingi ya kusuka kwa kubana na kushonea nywele bandia. Tatizo hilo likiwahiwa, kuacha kuvuta nywele huweza kutosha. Likichelewa, mizizi hufa, ngozi hubaki na kovu linalong'aa, na hakuna mwanga utakaoufufua mzizi uliokufa. Wapo pia wanawake ambao kovu huanzia utosini na kutanuka, nao huhitaji dawa za kutuliza uvimbe mapema, hivyo kila mwezi wanaopoteza chini ya kofia ni mwezi ambao ugonjwa unasonga mbele. Madaktari wa ngozi tunao. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kipo kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Kwa nini kliniki haikumpa hata barua ya rufaa?

Hata kwa yule inayemfaa, kofia huvaliwa takriban mara tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa, na akiacha, nywele alizopata huanza kupotea. Hilo nalo halikusemwa kabla ya malipo.

Tulipodai fedha, tulijibiwa kwamba boksi limekwisha kufunguliwa. Sijui walitarajia kofia ivaliwe vipi ikiwa ndani ya boksi! Sasa ninataka waniambie ni daktari gani aliyeamua kwamba dada yangu anahitaji kifaa hiki, na wanioneshe usajili wa kofia hiyo TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Aliyewahi kurudishiwa fedha kwa kadhia ya namna hii, naomba aeleze alianzia ofisi gani na alidaiwa nyaraka zipi.